Uji wa Maziwa na Karanga

Vumbi alipotoka kuoga alimkuta mama mkwe wake ameketi kwenye kigoda jikoni, amempakata mtoto, anamwinamishia kikombe cha uji. Mtoto alikuwa anapiga funda huku macho yamemtoka. Tumbo lake lilikuwa limeshajaa na kukaza.

“Mama, nesi alisema asile kitu asubuhi hii.”

“Nesi ndiye aliyemzaa?”

“Wanataka kumpima hamu ya kula. Wanampa ile pakiti mbele yao, waone kama…”

“Waone kama atairukia. Najua.” Mama mkwe alifuta kidevu cha mtoto kwa kiganja. “Nilimwona mtoto wa Mama Pacha alivyoinyonya mpaka akataka kumeza na karatasi, watu wakamtazama kama wako sinema. Mume wangu huyu haendi kuwa sinema ya mtu. Atakwenda ameshiba, wakimpa kitu chao atawageuzia shavu.”

Mjukuu alikuwa amepewa jina la babu yake, marehemu mume wa mama mkwe, kwa hiyo yeye alimwita mume wangu na wengine wote nyumbani walimwita Babu. Jina lilimfaa kwa njia mbaya. Mwaka na nusu tu duniani, na ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea na kukunjana kama ya mzee kweli.

Vumbi alichungulia sufuria. Uji ulikuwa mwepesi hata aliona vizuri kabisa pale chini lilipobonyea.

Unga wa nyumba ile ulikuwa unatoka kwenye sakafu ya mashine ya kusaga alikofanya kazi Vumbi. Mwenye mashine alimruhusu kufagia unga uliomwagika na kwenda nao nyumbani, ambako aliuchekecha kutoa mchanga. Ndiko lilikotoka na jina lake: siku ya kwanza alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, mama mkwe akasema, “Niliposa mwanamke, nimeletewa vumbi,” na jina likakaa. Mume wake alikuwa utingo wa lori, aliyekuja na kuondoka kama mvua ya jirani. Wifi yake alikuwa ameondoka kutafuta kazi na kuacha watoto wanne. Wote hao, pamoja na Babu, walikula kutoka sinia moja, na unga wa kufagia uliongezewa maji mpaka uwafikie.

Angeweza kumnyang'anya kikombe. Hakumnyang'anya. Alikuwa na tabia ya kumjibu mama mkwe akiwa kazini, mashine ikinguruma, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

“Vaa viatu twende,” alisema mama mkwe. “Na mimi nakuja. Siwezi kukuachia ukanitangaze.”

Njiani Vumbi alitembea nyuma akilitazama tumbo la mtoto lililobanwa mgongoni kwa bibi yake. Juma lililopita nesi alimfunga Babu utepe wa kupimia wembamba wa mkono, ukasoma rangi nyekundu, ya hatari. Akamweleza Vumbi taratibu nzima kwa haraka, kama mtu anayesoma bei za vitu. Aje na njaa. Atapewa chakula dawa, ile siagi ya karanga ya kwenye pakiti. Akila vizuri, wanapewa pakiti za kwenda nazo nyumbani, kila juma wanarudi kupima. Akikataa, maana yake mwili umeshaanza kushindwa ndani, na mtoto hulazwa wodi ya hospitali kubwa, mama akiwa naye, mpaka apone.

Mwenye mashine alipoombwa ruhusa ya asubuhi hii moja alisema, “Nenda. Ila ukilazwa huko na mtoto, usinitumie salamu. Kuna mwenzako kila siku anasimama pale nje akiomba hicho chepeo cha kuzolea unga.” Vumbi alijua hatanii. Akienda wodi, kazi imekwisha, na unga wa sakafuni umekwisha. Babu angetibiwa, kisha angerudishwa kwenye nyumba ambayo hata yale maji meupe hayamo.

Chumba cha kliniki kilikuwa na mabenchi matatu, ndoo ya maji yenye bomba, na mizani iliyoning'inia darini na suruali ya turubai ya kuwekea watoto. Ukutani kulikuwa na picha ya mtoto mnene ameshika bakuli. Nesi alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, ambaye kina mama walimwita Bi Kidole kwa sababu hakusalimia mtu; alimshika mtoto mguu, akaukandamiza kwa kidole gumba kuona kama umevimba, ndipo akainua uso.

Mama Pacha alikuwa benchi la mbele, pacha mmoja kila paja. Alimwona mama mkwe akiingia, akasogea kumpisha kwa heshima iliyozidi.

“Karibu, jirani! Karibu kwetu wenye njaa. Umepotea njia au?”

“Nimemsindikiza mkwe wangu. Mimi sina shida hapa.”

“Hakuna mwenye shida hapa. Sote tumekuja kutazama picha.”

Kina mama wakacheka chini chini. Mama mkwe aliketi, akanyoosha nguo magotini, akatazama mbele kama mtu aliyeko kanisani na nyuma yake kuna mlevi.

Zamu ya Babu ilifika. Bi Kidole alimkandamiza miguu: haikuvimba. Akampima joto: hana homa. Akamfunga utepe, ulibaki palepale kwenye nyekundu. Akamnawisha mtoto mikono, akakata pakiti pembeni kwa mkasi, akampa Vumbi.

“Mlishe. Usimlazimishe.”

Vumbi alikamua kidogo kwenye kidole, akakisogeza mdomoni mwa mwanawe. Babu alikunja uso. Akageuza shavu. Vumbi akajaribu tena upande wa pili. Mtoto akafunga mdomo na kuegemeza kichwa kifuani kwa mama yake, akacheua uji kidogo mweupe uliotiririka kama mate.

“Mmeona?” Mama mkwe aliongea na benchi zima. “Hana njaa. Mtoto wa kwetu hakurupukii chakula cha watu.”

Bi Kidole hakumtazama. “Bibi, amekula nini leo?”

“Uji.”

“Uji wa nini?”

Mama mkwe alimtupia jicho Mama Pacha. “Wa maziwa. Maziwa na karanga za kusaga, na sukari kidogo, maana mume wangu hapendi kitu kisicho na ladha.”

“Leo tu?”

“Kila siku ya Mungu! Sisi si watu wa kuamka na kikombe kitupu.”

Nesi akavua miwani. Alimtazama mtoto, kisha mkono wa mtoto, kisha akavaa tena miwani na kuchukua kalamu.

“Basi huyu si wa kwangu,” alisema. “Mtoto anayekunywa maziwa na karanga kila siku, halafu mkono wake ukawa hivi, halafu akakataa hii, ugonjwa wake uko ndani. Huyu ni wa wodi. Gari linakuja saa sita, mama mtoto, kaa pale nje na vitu vyako.”

“Wodi ya nini?” alisema mama mkwe. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo. “Si hana njaa?”

“Bibi, mtoto mzima huwa na njaa. Asiyekuwa nayo ndiye tunayemwogopa.”

Vumbi alimgeukia mama mkwe. Alimngojea. Neno moja lingetosha, na lile la maziwa lilikuwa neno lake mama mkwe, lilitoka mdomoni mwake na yeye ndiye angelirudisha. Mama mkwe alikuwa anaitazama picha ya mtoto mnene.

“Labda choo kimembana,” alisema mama mkwe, akiiambia ile picha.

Bi Kidole aliendelea kuandika.

“Sio maziwa,” alisema Vumbi.

“Unaongea na nani?” aliuliza nesi. “Na kifua chako?”

“Nasema sio maziwa.”

“Sikusikii, mama. Na nina watu.”

Na Vumbi akapaza sauti kama anavyopaza kazini, mkanda unapokatika na mtu yuko karibu. “Ni maji! Ni maji na konzi moja ya unga wa kufagia! Maziwa hajayaona tangu nilipokaukiwa! Ameshiba maji, nesi, amelishwa kwa nguvu asubuhi hii ili asionekane ana njaa!”

Mtoto alianza kulia. Mama Pacha akashindwa kujizuia.

“Kumbe ng'ombe wenu ni bomba!”

Kicheko kilitoka benchi hadi benchi. Mama mkwe alisimama. Hakuwa mwanamke mrefu, lakini Vumbi alijikuta anarudi nyuma.

“Umenivua nguo,” alisema mama mkwe, polepole. “Mbele ya huyu. Nimekulisha, nimekulelea mtoto, nimelala njaa ili sinia lile lifike kwako ukirudi, umekuja kunivua nguo mbele ya watu.”

“Mama, wangempeleka…”

“Mwanangu akirudi atachagua. Mimi au mwenye mdomo huo.” Akatoka nje, na kitasa cha mlango kikagonga ukuta.

Vumbi alimgeukia nesi, akidhani kwamba sasa angalau hapo mambo yamekwisha. Bi Kidole alikuwa ameweka kalamu chini, lakini uso wake haukulainika.

“Sasa nimwamini nani? Kila mama anayeogopa wodi ana hadithi. Yupo mmoja aliniambia hivyo hivyo, mtoto ameshiba, atakula nyumbani. Alilia sana. Nikamwonea huruma nikampa pakiti. Nilikutana naye sokoni baadaye, nikatazama mgongoni kwake, hana kitu.” Akaikunja ile pakiti iliyofunguliwa na kuiweka kando. “Huruma yangu iliishia pale. Nitampima tena gari likifika. Akikataa, mnapanda. Na usinililie, maana sitakusikia.”

Vumbi alikaa kwenye baraza, upande wa kivuli. Mama mkwe alikuwa upande mwingine, juani, amewapa watu wote mgongo. Hakuondoka. Vumbi hakuelewa kwa nini, wala hakuwa na uso wa kumuuliza.

Babu alilala. Akaamka, akamkojolea mama yake, mkojo mwingi kama wa mtu mzima, na baada ya hapo tumbo likalegea. Akaanza kununa. Akaanza kutafuna ukosi wa blauzi ya mama yake. Vumbi aliutazama ule mdomo mdogo unavyofanya kazi na akamwomba Mungu njaa, ombi ambalo hakuwahi kufikiri kwamba mzazi anaweza kuliomba.

Mama Pacha alitoka na wanawe, mfuko wa pakiti begani. Akasimama, akamtazama Babu, akatoa biskuti kwenye pochi.

“Masikini. Shika, baba.”

Vumbi aliupiga ule mkono. Biskuti ikaanguka.

“Ala!”

“Samahani, dada, hatakiwi kula mpaka…”

“Kiburi! Maji ya bomba na kiburi! Kumbe nyumba nzima mnaambukizana.” Mama Pacha akaiokota biskuti, akaipuliza, akampa pacha mmoja. “Nilikucheka kidogo tu, wala sikukuchukia. Sasa nimeanza.”

Gari lilifika. Dereva hakuzima injini. Bi Kidole alisimama mlangoni na kumwita Vumbi kwa kidole, na Vumbi akaingia na mtoto.

Alikamua kidogo kidoleni. Babu alinusa. Kisha akaurusha mkono wa mama yake pembeni, akaanza kulia kwa sauti, akijinyoosha kuelekea mlangoni, mikono yote miwili.

“Haya, mwanangu. Haya, baba. Kidogo.”

Mtoto aligeuza kichwa kulia, kushoto, kulia.

“Naona,” alisema Bi Kidole.

“Nesi, hajazoea mkono wangu. Mimi niko mashineni kutwa. Anayemlisha ni bibi yake.”

“Yule wa maziwa?”

“Huyo huyo.”

Bi Kidole alitazama gari, kisha saa ya ukutani. “Mwite. Haraka.”

Vumbi alitoka na mtoto anayepiga kelele. Mama mkwe alikuwa amesikia yote, ilionekana kwenye mabega yake, lakini hakugeuka.

“Mama. Ananikataa… anakutaka wewe. Nakuomba.”

“Mwanamke wa uji wa maji atamsaidia nini?”

“Mama, gari ndilo hilo.”

“Naliona. Mimi si kipofu, mimi ni mwongo tu.”

“Nakuomba, mama.”

“Sikusikii.” Sasa aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, makavu. “Pale ndani ulikuwa na sauti. Watu wote waliisikia, mpaka yule dereva angeisikia kama angekuwepo. Niombe kwa sauti ile ile.”

Kina mama waliobaki walikuwa wamejipanga mlangoni. Mama Pacha alikuwa bado getini, hana haraka. Vumbi aliwatazama, kisha akafumba macho.

“Mama, njoo umlishe mwanangu!” alipiga kelele. “Kwangu hali! Mimi siwezi! Njoo wewe!”

“Nimesikia,” alisema mama mkwe. “Siji kwa ajili yako.”

Aliingia ndani, akaenda kwenye ndoo, akanawa mpaka kwenye viwiko, bila haraka, dereva akipiga honi. Ile pakiti ya asubuhi ilikuwa imeanza kukauka mdomoni, Bi Kidole akampa nyingine pamoja na mkasi. Mama mkwe akaurudisha mkasi.

“Nina meno.”

Akang'ata pembe, akaitema, akampakata mtoto vile vile alivyompakata jikoni. “Mume wangu. Nitazame mimi. Hawa waache, hawana adabu. Fungua.”

Babu alinyamaza. Akalamba kidole. Akakaa kidogo, kama anayekumbuka kitu, kisha akalamba tena, na baada ya hapo hakungoja kidole. Aliidaka pakiti kwa mikono yote miwili, akaitia mdomoni na kunyonya kwa mlio uliosikika chumba kizima. Bibi yake alipoitoa ili ampe maji, alipiga yowe na kumvuta shingo. Siagi ilikuwa puani, ilikuwa kwenye nyusi. Alikula kama mtu anayegombana.

Mama mkwe alimshika kichwa mjukuu wake, na kadiri mtoto alivyonyonya ndivyo kidevu cha yule bibi kilivyozidi kuinama, mpaka ikawa huoni uso wake.

Mama Pacha alikuwa amerudi hadi kizingitini.

“Cheka,” mama mkwe alimwambia bila kuinua uso. “Cheka, jirani, nakusubiri.”

Mama Pacha hakucheka. Alimpandisha pacha mmoja begani na kuondoka.

“Inatosha,” alisema Bi Kidole. Alichana ile karatasi ya wodi, akamwambia dereva kupitia dirishani kwamba hakuna mgonjwa, na dereva akamjibu jambo kuhusu mafuta ya gari na akili za watu. Kisha nesi akahesabia pakiti ndani ya mfuko na kuufunga fundo. “Hizi ni za huyu peke yake. Si za bibi, si za jirani, si za mtoto mwingine yeyote. Mkigawana nitajua. Mkono wake utaniambia.”

“Kuna wanne wengine wanakula naye sinia moja,” alisema mama mkwe. “Niwaambie wafumbe macho?”

“Waleteni nao wapimwe.”

“Ili muwaangalie hivi?”

“Ndiyo, bibi. Hivi hivi. Anayefuata!”

Walirudi kwa njia ile ile, mama mkwe mbele na mtoto mgongoni, Vumbi nyuma na mfuko. Babu alikuwa amelala, mdomo wazi, siagi imekauka shavuni. Walipofika kwenye njia panda ya kwenda mashineni mama mkwe alisimama, akanyoosha mkono nyuma.

“Nipe huo mfuko nikaufungie.”

“Nitakwenda nao kazini.”

“Kazini?”

“Zitakaa huko. Wewe utamleta mchana, utamlisha pale, mimi nikiona.”

Mama mkwe aligeuka mzima mzima. “Yaani nitembee na jua lote hili, na umri huu, kwa kuwa huniamini?”

Vumbi alihisi neno la zamani likija, lile la kusema hapana, mama, sivyo. Akalimeza.

“Ndiyo, mama. Kwa hili sikuamini. Wale wanne wakikutazama utawapa. Hata mimi ningewapa. Hao tutawapeleka kliniki juma lijalo.”

“Tutawapeleka. Nani na nani?”

Vumbi aliuhamishia mfuko mkono wa pili.

“Nikisema siji mashineni?”

“Nitamchukua mgongoni niende naye kila siku, avute lile vumbi.”

Mama mkwe alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu kilichomkata mkono. Akakaza nguo iliyombeba mtoto. “Nitamleta, kwa ajili ya mume wangu. Wewe usinisemeshe. Pale nyumbani usinisemeshe kabisa. Ukitaka chumvi, tuma mtoto.”

Akaenda zake.

Kesho yake mchana alifika mashineni, jasho limemlowesha kifua, mtoto mgongoni. Hakusalimia mtu. Aligeuza debe tupu, akalikalia, akampakata Babu na kunyoosha mkono bila kumtazama mkwe wake. Vumbi akampa pakiti moja. Akafunga mfuko fundo, akasimama hapo hapo akiangalia, mpaka mtoto alipoimaliza.